Kusomesha Watoto Nyumbani: Mwongozo Kamili wa Kuamua Kiasi cha Utaratibu

Wazazi wengi wanaoanza kuwasomesha watoto wao nyumbani hukwama mahali pamoja. Wiki ya kwanza huandika ratiba ya vipindi vinane kwa siku, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, kila kipindi na somo lake. Kufikia wiki ya tatu hesabu imekwisha kumeza muda wa sayansi, mtoto mdogo analia, mkubwa ananung'unika, na mzazi amechoka kuliko wote. Ratiba hutupwa yote. Siku hupita bila somo lolote, hofu ya kubaki nyuma huingia, kisha huandikwa ratiba nyingine iliyo kali zaidi ya ile ya kwanza, na mzunguko huanza upya.

Kinachowaangusha ni swali wanaloanza nalo. Hujiuliza kama nyumba yao iwe na utaratibu mkali au iwe huru, ilhali kiasi cha utaratibu hakipimwi kwa nyumba nzima. Hupimwa kwa kila somo na kwa kila mtoto, na hupungua au kuongezeka kadiri mtoto anavyokua. Hatua zilizo hapa chini zinaonyesha namna ya kukipima, na zinafaa zaidi zikifuatwa kwa mpangilio wake, kwa kuwa kila moja hutumia kile kilichopatikana katika iliyotangulia.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Daftari moja la kumbukumbu kwa kila mtoto. Hili ni la mzazi, wala si la mazoezi.
- Kalenda ya mwaka mzima yenye nafasi ya kuandika.
- Kipima muda. Cha simu kinatosha, mradi simu yenyewe ikae mbali na meza ya mtoto.
- Nakala ya sheria au kanuni za mahali unapoishi zinazohusu elimu ya nyumbani, kutoka kwa mamlaka yenyewe.
- Mtaala mmoja wa hesabu na, kwa mtoto ambaye hajajua kusoma, kitabu kimoja kinachofundisha sauti za herufi kwa mpangilio.
- Wiki sita: mbili za kuangalia na nne za kujaribu.

Usinunue mtaala wa masomo mengine kwa sasa. Mzazi aliyekwisha kulipia vitabu vya masomo manane huona kwamba lazima avitumie vyote, na hivyo vitabu ndivyo vinavyomwamulia kiasi cha utaratibu kabla hajamwangalia mtoto wake.

Hatua ya 1: Fahamu sheria inakuachia nafasi gani

Sheria hutangulia kwa sababu ndiyo sehemu pekee ya uamuzi huu ambayo si yako. Tofauti kati ya nchi ni kubwa. Ujerumani, kwa ujumla, hairuhusu elimu ya nyumbani kuchukua nafasi ya shule. Marekani inaruhusu katika majimbo yote 50, lakini masharti hayafanani: Pennsylvania hudai siku 180 za masomo kwa mwaka au idadi maalumu ya saa, na New York hudai mpango wa mwaka pamoja na ripoti ya kila robo mwaka. Nchini Uingereza sheria hutaka mtoto apate elimu inayomfaa, ya muda wote, bila kutaja saa wala ratiba.

Soma kanuni za mahali ulipo na uandike majibu ya maswali matatu. Ni masomo gani ya lazima? Ni kiasi gani cha muda kinachodaiwa? Ni ushahidi gani utakaotakiwa kuonyesha, na kwa nani?

Tahadhari: Wazazi wengi hujiwekea masharti ambayo hayamo katika sheria. Pale ambapo sheria inataja siku bila kutaja saa za siku hiyo, kipindi cha alfajiri si sharti. Pale inapotaja somo bila kutaja kitabu, kitabu ni hiari yako. Kinyume chake nacho hutokea, kwani wapo wanaochukua maneno ya mzazi wa nchi nyingine na kuyafanya sheria ya kwao, kisha wakajikuta hawana kumbukumbu zinazodaiwa.

Utajua umefaulu ukiwa na nusu ukurasa unaoeleza yaliyo ya lazima, na ukiwa na hakika kwamba yaliyobaki yote ni yako kuamua.

Hatua ya 2: Mwangalie mtoto kabla ya kupanga

Kwa wiki mbili usifundishe somo lolote kwa utaratibu wa kipindi. Siku isiachwe tupu: saa za kulala, za kula na kazi za nyumbani zibaki kama zilivyo, na kila siku msomee mtoto kitabu kwa sauti. Hayo ndiyo yanayokupa siku ya kawaida ya kuangalia. Wakati huohuo, andika katika daftari lako mambo manne:

Kwanza, ni saa ngapi akili yake ina nguvu. Wapo watoto wanaochangamka mara tu baada ya kifungua kinywa, na wapo vijana ambao kabla ya saa nne asubuhi hawawezi kufikiri jambo gumu. Pili, hukaa na jambo alilolichagua mwenyewe kwa muda gani kabla ya kuliacha. Tatu, ni mambo gani anayoyakimbia, na anayakimbia vipi: kwa hasira, kwa utani, au kwa kunyamaza. Nne, huitikiaje mpango unapobadilika ghafla. Mtoto anayevurugika siku nzima kwa sababu safari imeahirishwa anakuambia kwamba anahitaji kujua yanayokuja. Yule anayebadilika bila shida anakuambia kwamba unaweza kumpangia kwa ulegevu zaidi.

Kwa mtoto aliyetoka shule, hasa aliyetoka akiwa ameumia, wiki mbili hazitoshi. Miongoni mwa wazazi wanaosomesha nyumbani kuna kanuni inayosema mtoto apumzishwe mwezi mmoja kwa kila mwaka aliokaa shuleni. Hiyo ni kanuni ya uzoefu tu, na kwa maoni yangu ni ndefu mno kwa mtoto wa miaka kumi na miwili ambaye bado anahangaika na kuzidisha. Mpumzishe hadi uone dalili mbili: anaanzisha mambo mwenyewe bila kuuliza kama anaruhusiwa, na anaweza kutaja somo alilolichukia bila uso kubadilika.

Tahadhari: Usitumie kipindi hiki kumtahini. Maswali ya ghafla kama "saba mara nane ni ngapi?" huku akicheza humfanya ajilinde, na mtoto anayejilinda hakuonyeshi lolote la kweli.

Hatua ya 3: Yatenge masomo kwa asili yake

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo inayoamua karibu kila kitu kinachofuata. Chora safu mbili katika ukurasa mmoja. Safu ya kwanza ni ya masomo yanayojengana, yaani yale ambayo jambo la leo haliwezekani bila lile la jana. Safu ya pili ni ya masomo ambayo sehemu zake hazitegemeani sana.

Masomo yanayojengana

Hapa huingia kusoma, hesabu, kuandika, lugha ya kigeni na ala ya muziki. Mtoto anayeshindwa kujumlisha theluthi moja na robo moja mara nyingi hana tatizo la sehemu. Tatizo lake ni majedwali ya kuzidisha, ambayo anahitaji kuyajua ili aone kwamba asili ya pamoja, yaani namba ya chini inayofaa sehemu zote mbili, ni 12. Pengo la miaka miwili iliyopita hujitokeza leo likiwa limevaa sura ya somo jipya.

Kuna sababu ya pili. Sehemu ya akili inayoshikilia mambo wakati tunayafanyia kazi hubeba machache tu kwa mara moja. Mtoto anayejua bila kufikiri kwamba 7 × 8 ni 56 ana nafasi ya kufikiria tatizo lenyewe. Asiyejua huitumia nafasi hiyo kuhesabu vidole, na akimaliza kuhesabu amesahau alikuwa akitafuta nini. Kufikia hali hiyo ya kujua bila kufikiri kunadai mazoezi ya mara kwa mara, na mazoezi ya mara kwa mara hayatokei kwa bahati.

Sababu ya tatu inahusu kusahau. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe, yakaonyesha kwamba usahaulifu huwa wa kasi mwanzoni na hupungua kasi baadaye, na kwamba kurudia kwa nafasi kunashinda kurudia kwa mkupuo. Kwa mzazi maana yake ni hii: dakika 20 za hesabu kwa siku tano zina faida kubwa kuliko dakika 100 za siku moja, ingawa jumla ni ileile. Ndiyo maana somo linalojengana linahitaji kurudi karibu kila siku, hata kama kila siku ni kidogo.

Kuhusu kusoma, sisiti hata kidogo kusema kwamba mtoto asiachwe agundue mwenyewe. Wapo wachache wanaojifunza kusoma bila kufundishwa, na hadithi zao husambaa sana. Watoto wengi wanahitaji kufundishwa wazi, kwa mpangilio, uhusiano wa herufi na sauti zake. Muda unaohitajika hutegemea lugha. Katika lugha ambazo maandishi hufuata matamshi kwa karibu, kama Kiswahili, Kihispania na Kifini, hatua hii huisha mapema. Katika Kiingereza, ambacho herufi zilezile hutamkwa kwa namna nyingi, huchukua muda mrefu zaidi, na utaratibu wake hauna budi kudumu zaidi.

Masomo yasiyotegemeana sana

Hapa huingia historia, jiografia, sanaa, fasihi na sayansi ya miaka ya mwanzo. Mtoto akisoma volkano kabla ya mimea, au akisoma safari za baharini kabla ya falme za kale, haharibikiwi na chochote. Katika masomo haya shauku ndiyo inayobeba kumbukumbu, na mpangilio mkali unaweza kuiua. Mtoto wa miaka minane anayetaka kujua kwa nini mwezi hubadilika sura leo usiku asijibiwe kwamba anga ni mada ya muhula wa tatu.

Tahadhari: Somo linaweza kuhama safu. Sayansi ya mtoto wa miaka minane iko huru, lakini kemia ya kijana wa miaka kumi na mitano inajengana kabisa: hawezi kusawazisha milinganyo ya kemikali bila kuelewa atomi, wala kupiga hesabu za moli, yaani kipimo cha kiasi cha dutu, bila kusawazisha milinganyo. Fizikia nayo hudai aljebra. Familia nyingi zilizofaulu kwa uhuru katika miaka ya utotoni hukwama hapa, kwa kuwa hazikutambua kwamba somo limebadilika tabia huku jina likibaki lilelile.

Utajua umefaulu safu ya kwanza ikiwa fupi. Kwa mtoto chini ya miaka kumi, masomo mawili au matatu yanatosha. Safu hiyo ikiwa na masomo saba, kuna uwezekano umeyaandika kwa kufuata ratiba ya shule na siyo asili ya masomo.

Hatua ya 4: Kwa kila somo, jibu maswali matatu

Utaratibu si kitu kimoja. Kuna utaratibu wa lini, yaani wakati somo linapofanyika. Kuna utaratibu wa nini, yaani mada zenyewe na mfuatano wake. Na kuna utaratibu wa vipi, yaani njia mtoto anayotumia: kuandika, kusimulia, kuchora, kujenga, kujibu maswali. Somo linaweza kufungwa katika swali moja na kuwa huru katika mawili mengine, na hapo ndipo mzazi anapopata nafasi ya kupanga kwa ustadi.

Chukua hesabu za mwanafunzi anayeanza. Yote matatu yafungwe: wakati mmoja kila siku, mfuatano wa mtaala mmoja, na njia unayomwonyesha wewe. Anayeanza hujifunza vizuri zaidi akionyeshwa mfano uliofanywa hatua kwa hatua, kisha akafanya unaofanana nao, kuliko akiachiwa tatizo alitatue kwa kubahatisha. Lakini akishakuwa na ujuzi, mifano hiyohiyo humchelewesha na kumchosha, na huo ndio wakati wa kulegeza swali la vipi na kumpa matatizo ambayo hakuonyeshwa njia yake.

Sasa chukua historia. Wakati unaweza kufungwa, mathalani alasiri mbili kwa wiki, ili isisahauliwe. Mada achague mtoto kutoka katika vitabu ulivyoviweka mbele yake. Njia iwe huru: mmoja ataandika kurasa tatu, mwingine atakusimulia kwa nusu saa huku akizunguka chumba, na usimulizi ule ni kazi halali ya masomo.

Kusoma kwa starehe kunafungwa kwa wakati tu. Tenga nusu saa ambayo kila mtu nyumbani anasoma, mwache achague kitabu, na usimwulize maswali ya ufahamu baadaye. Kuchora na kujenga hakuhitaji kufungwa popote. Kunahitaji vifaa vilivyo mahali anapofikia na ruhusa ya kuchafua.

Tahadhari: Ugomvi mwingi wa nyumbani hutokana na swali la vipi kufungwa pasipo sababu. Mzazi hudai mtoto akae kitini, mgongo wima, aandike jibu lote kwa sentensi kamili, wakati lengo la siku hiyo lilikuwa kujua kama ameelewa mzunguko wa maji. Kabla ya kufunga njia, jiulize kama njia yenyewe ndiyo inayofundishwa. Siku ya kufundisha uandishi, ifunge. Siku nyingine, iache.

Utajua umefaulu ukiwa na jedwali la ukurasa mmoja lenye masomo upande mmoja na maswali matatu juu, huku nafasi nyingi zikiwa zimeandikwa "huru".

Hatua ya 5: Panga siku kwa mfuatano

Ratiba ya saa huvunjika kwa sababu kuchelewa kwa jambo moja huchelewesha yote, na kufikia mchana mzazi tayari anajiona ameshindwa. Yafunge masomo kwa matukio ambayo hutokea kila siku hata hivyo: baada ya kifungua kinywa, hesabu; baada ya hesabu, kusoma; kabla ya chakula cha mchana, kitabu cha kusomewa kwa sauti. Mfuatano huu hubaki hata siku mlipoamka mmechelewa, na baada ya wiki chache mtoto huujua bila kukumbushwa, jambo linaloondoa majadiliano ya kila asubuhi.

Somo gumu liwekwe katika saa ya nguvu uliyoiandika katika hatua ya 2.

Kuhusu urefu wa somo, waelimishaji wawili mashuhuri huonekana kupingana. Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyefariki mwaka 1923, alisisitiza masomo mafupi, yasiyozidi dakika 20 kwa watoto wadogo, ili umakini usichoke. Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907, aliwaachia watoto kipindi kirefu cha kazi kisichokatizwa, ambacho katika shule zinazomfuata huwa kama saa tatu. Wote wawili wako sahihi, kwa sababu wanazungumzia mambo tofauti. Mason anazungumzia somo linaloongozwa na mtu mzima. Montessori anazungumzia kazi ambayo mtoto ameichagua. Fuata kanuni zote mbili: somo unaloliongoza wewe liwe fupi na likome kipima muda kinapolia, na kazi aliyoichagua yeye isikatizwe kwa ajili ya jambo linaloweza kungoja.

Kwa jumla ya siku, anza na viwango hivi, kisha virekebishe. Mtoto wa miaka sita au saba: saa moja hadi saa moja na nusu ya masomo yanayoongozwa, ikikatwa vipande vya dakika 10 hadi 20. Miaka minane hadi kumi: saa mbili hadi mbili na nusu. Miaka kumi na moja hadi kumi na tatu: saa tatu hadi tatu na nusu, sehemu yake akifanya peke yake. Kuanzia hapo muda huongezeka kulingana na mitihani iliyo mbele.

Wazazi wakiona viwango hivi hushtuka kwa uchache wake. Zifikirie saa za shule: ndani yake kuna kuita majina, kuhama darasa, kungoja wenzako watulie, kungoja daftari lisahihishwe, na kungoja mwalimu azungukie makumi ya wanafunzi. Mtoto mmoja aliye na mwalimu mmoja husahihishwa hapohapo, na husonga mbele dakika ileile anapoelewa.

Tahadhari: Mtoto akimaliza mapema, usimwongezee kazi. Ukifanya hivyo mara mbili, atajifunza kwamba kumaliza upesi huleta adhabu, na ataanza kujikokota.

Hatua ya 6: Amua nani anaamua, na lini umkabidhi

Utaratibu mzuri huhama kutoka mikononi mwa mzazi kwenda mikononi mwa mtoto. Uhamisho huo upangwe, maana usipopangwa hufanyika siku moja kwa ghafla, kijana akiwa na miaka kumi na minne na mzazi akiwa amechoka kusukuma.

Mtoto mdogo achague mpangilio: leo tuanze na hesabu au kusoma? Yote mawili yatafanyika, lakini uamuzi wa kipi kitangulie ni wake. Kuanzia miaka tisa au kumi, mpe orodha ya kazi za siku na umwache azipange. Akiweza hilo kwa miezi miwili bila kukumbushwa, mpe orodha ya wiki, na mkutane siku moja maalumu kutazama kilichofanyika. Kijana apewe muhula: akae na kalenda, aandike tarehe ya mtihani au ya kukamilisha kazi, kisha ahesabu kurudi nyuma akigawa mada kwa wiki, na kuacha wiki za mwisho kwa marudio tu.

Ukimkabidhi wiki na akaivuruga, mrudishe kwenye orodha ya siku kwa muda, bila hotuba. Mrudishe hatua moja nyuma, isiwe hadi mwanzo. Na usiokoe kila mara: kijana aliyeacha kazi ya wiki yote hadi siku ya mwisho anajifunza jambo ambalo maneno yako hayawezi kumfundisha, ilimradi siku hiyo isiwe ya mtihani wa taifa.

Hatua ya 7: Watoto wawili au zaidi

Zile safu mbili za hatua ya 3 ndizo zinazotatua tatizo la kusomesha watoto kadhaa kwa pamoja. Masomo yasiyotegemeana sana yafanywe pamoja: kitabu kimoja cha historia kisomwe kwa wote, kisha mdogo achore, wa kati asimulie, mkubwa aandike. Masomo yanayojengana yafanywe na kila mmoja peke yake, kwa zamu, huku wengine wakiwa na kazi isiyohitaji msaada. Mwanzoni shughulikia aliye mdogo zaidi, kwa kuwa mtoto aliyekwisha kupata dakika 15 za mzazi wake peke yake huwa tayari kucheza bila kukatiza.

Usijaribu kuwapa kiasi sawa cha utaratibu kwa jina la haki. Mmoja anaweza kuhitaji orodha iliyobandikwa ukutani, na ndugu yake akaiona orodha hiyohiyo kuwa kero.

Kuna watoto ambao utaratibu wa nje ni hitaji lao la msingi. Wengi wenye usonji, na wengi wenye shida ya kudumisha umakini, hufanya vizuri zaidi wakiwa na siku inayotabirika, kazi zilizokatwa vipande vidogo, picha za mfuatano wa siku, na onyo la mapema kabla ya kubadili shughuli. Kwa mtoto kama huyo, uhuru mpana humwachia mzigo wa kupanga ambao bado hauwezi. Hapa utaratibu mwingi wa lini hauna ubaya wowote, huku nini na vipi vikiendelea kufuata yale anayoyapenda. Na ikiwa mtoto amefundishwa kusoma kwa mpangilio kwa miezi mingi na bado herufi hazishikiki, tafuta mtaalamu wa kumpima. Kuongeza saa za somo hakutibu tatizo hilo.

Hatua ya 8: Jaribu kwa wiki nne, kisha badili jambo moja

Wiki ya kwanza haikuambii kitu, kwa sababu kila kitu kipya hupendeza. Ya pili na ya tatu ndizo ngumu, na ndizo ambazo wengi huacha. Fika ya nne kabla ya kuhukumu, isipokuwa mtoto anaumia waziwazi. Kila Ijumaa andika sentensi mbili au tatu katika daftari: nini kilikwenda, nini kilikwama, na hali ya nyumba ilikuwaje.

Dalili kwamba utaratibu umezidi: mtoto huuliza kila mara "imebaki mingapi?", hakuna jambo hata moja alilolianzisha mwenyewe wiki nzima, anajibu sahihi lakini hawezi kueleza kwa nini, mzazi anaogopa kukuche.

Dalili kwamba utaratibu umepungua: kila asubuhi huanza kwa mabishano kuhusu kitakachofanyika, somo la hesabu limefanyika mara moja au mbili tu kwa wiki, mtoto husema amechoshwa lakini hashiki chochote, unapoulizwa amejifunza nini mwezi huu huna la kuonyesha.

Dalili moja huwapotosha wengi, nayo ni machozi katika hesabu. Wazazi huyasoma kama ishara ya utaratibu uliozidi na kulegeza somo lote, wakati mara nyingi mtoto yuko kwenye mada iliyo juu ya alipofika. Rudi nyuma hadi mahali anapopata majibu mengi bila msaada, na uanze kupanda kutoka hapo kwa wakati uleule na muda uleule. Machozi yakikoma, utaratibu haukuwa tatizo.

Unapobadili, badili jambo moja: somo moja, swali moja kati ya yale matatu. Ukipunguza muda, ukabadili kitabu na ukahamisha saa katika wiki moja, hutajua ni kipi kilichosaidia. Ipe badiliko wiki mbili.

Utajua umefaulu siku nyingi zikiwa za kawaida. Masomo yanayojengana yanasonga hata kwa mwendo mdogo, mtoto anajua kinachofuata bila kuuliza, na wiki haipiti bila yeye kukuletea jambo ambalo hukumfundisha.

Hatua ya 9: Andaa siku ya dharura

Mgonjwa nyumbani, mtoto mchanga, safari, msiba: mambo haya huvunja ratiba yoyote, na familia nyingi hukosa kurudi kwa sababu kati ya siku kamili na kutosoma kabisa hazina kitu. Andika leo, ungali umetulia, orodha fupi ya siku ya dharura. Kwa mtoto mdogo iwe kurasa mbili za kusoma, dakika 10 za hesabu za marudio, na hadithi ya kusomewa, ambayo hata mgonjwa kitandani anaweza kuisikiliza. Kwa kijana iwe hesabu na sura moja ya kitabu.

Ibandike mahali ambapo mtu mwingine yeyote nyumbani anaweza kuiona na kuisimamia bila kukuuliza. Ikitumika zaidi ya wiki tatu mfululizo, hiyo si dharura tena. Hali ya nyumba imebadilika, na ni wakati wa kurudi hatua ya 4 ukiwa na jedwali jipya. Fanya hivyo pia kila mtoto anapoingia umri mwingine kati ya ile iliyotajwa katika hatua ya 5, na mwaka mmoja kamili kabla ya mtihani wowote mkubwa.